Bei ya Gibson EH-150 ilipotoka kiwandani

EH-150 ya Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilitoka kiwandani kwa dola 150, kaka, gitaa pamoja na amplifaya yake. Anayesema 150 ilikuwa ya gitaa peke yake amekosea. Gibson waliipa namba hiyo kwa sababu ya bei: EH-150 ni gitaa la umeme la Kihawaii, lile la kulaza mapajani na kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, na ES-150, gitaa la umeme la kawaida alilolipiga mwanajazi Charlie Christian, nayo iliuzwa hivyohivyo na amplifaya yake mwaka 1936.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 3,000, na Marekani ilikuwa bado kwenye mdororo mkubwa wa uchumi.

Ila EH-150 haina pedali, zile za kukanyaga kubadilisha sauti za nyuzi. Magitaa ya pedali yalikuja baadaye na bei zake ni habari nyingine kabisa, kwa hiyo usiitumie 150 kupimia hayo. Na muuzaji akikuletea gitaa bila amplifaya, ujue hapo ni nusu tu ya kilichouzwa dukani.