Ringi tu au boring? Silinda yenyewe itasema

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mambrui. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 ya zamani, ile ya kuwasha moto kwa pointi. Mwishomwisho ilikuwa inatoa moshi wa samawati na kula oili, kisha ikawekwa bandani ikapigwa na kaskazi na kusi bila kuwashwa. Nimeishusha injini mwenyewe, nimetoa hedi na silinda. Fundi mmoja amesema nitie ringi mpya tu, inatosha. Mwingine amesema lazima nipige boring, yaani silinda ipanuliwe kwa mashine, na kununua pistoni. Mimi si fundi. Nina spana, bisibisi na fila geji ya kuazima (zile nyembe za kupimia mianya). Nitamjuaje aliyesema kweli, na kazi gani naweza kuifanya hapa nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wako. Pikipiki uliyoachiwa inafaa sana kwa mtu anayejifunza. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, injini ya pushrodi (fimbo zinazosukuma valvu) isiyo na chaini ya taimingi, na bodaboda nyingi za Kichina unazoziona zikipita kuelekea Gongoni zina injini iliyofuata muundo huohuo. Kwa hiyo spea hutazikosa.

Mafundi wako wawili wote wanaweza kuwa wamesema kweli, lakini kwa ulivyoeleza, hakuna aliyepima. Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Fila geji hiyo ya kuazima inakutosha kupata jibu la kwanza.

Silinda haichakai sawasawa. Sehemu inayoliwa zaidi ni juu, pale ringi ya kwanza inapofika na kugeuka, kwa sababu hapo pana joto kali, presha ya moto na oili kidogo. Chini kabisa, ambako ringi hazifiki, chuma kinabaki kilivyotoka kiwandani. Tofauti ya juu na chini ndiyo unayoitafuta. Pitisha ukucha ndani ya silinda karibu na mdomo wa juu. Ukikwama kwenye ukingo, silinda imeliwa. Kazi iliyobaki ni kujua kwa kiasi gani.

Chukua ringi ya juu, hata iliyochakaa, mradi haijavunjika. Ifute vizuri, itie chini kabisa ya silinda, halafu isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama upande. Pima kwa fila geji nafasi iliyo kati ya ncha zake mbili, uandike. Sasa ringi ileile ipeleke juu, chini kidogo tu ya ule ukingo, uinyooshe tena kwa pistoni na upime. Nafasi ikiwa kubwa kuliko wembe mmoja, bandika nyembe mbili pamoja ujumlishe. Toa namba ya chini kwenye namba ya juu, kisha gawa kwa 3.14. Jibu ndilo kiasi ambacho kipenyo cha silinda kimeongezeka.

Tuseme chini umepata milimita 0.45 na juu 0.80. Tofauti ni 0.35, ukigawa kwa 3.14 unapata 0.11. Silinda ya CG125 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56.5, na ikishaongezeka kufikia 0.10 hivi, imemaliza muda wake. Kwa hesabu ya mfano huu, fundi wa boring ndiye mkweli. Ukipata chini ya 0.05, na silinda haina mikwaruzo wala madoa ya kutu yanayokamata ukucha, yule wa ringi ana hoja. Katikati hapo, kwa injini iliyokuwa inakula oili, mimi ningepiga boring. Gasketi utanunua mara moja, na hedi utaifungua mara moja.

Kipimo hiki kina upungufu mmoja ambao lazima uujue. Ringi inakupa wastani wa mzunguko mzima, haikuonyeshi kama silinda imekuwa yai. Nayo huwa yai, maana pistoni inasukuma zaidi upande wa mbele na wa nyuma kuliko kushoto na kulia. Kwa hiyo hata ukipata namba nzuri, mpe mtu wa mashine aipime kwa saa ya kupimia silinda pande zote mbili kabla hujaamua kutia ringi tu.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wengi wakipoteza pesa hapa. Ringi mpya ni duara kamili. Ukiitia kwenye silinda iliyopanuka juu na kuwa yai, inagusa huku na kuacha kule, na moshi unarudi. Vibaya zaidi, ringi ya zamani ilichakaa pamoja na ule ukingo wa juu, lakini mpya bado ina pembe kali. Inaweza kuugonga ukingo kila pistoni inapopanda, mpaka ivunjike. Hapo hata silinda ambayo ingeokolewa inaharibika.

Tazama pia kichwa cha pistoni. Ukikuta pamechongwa 0.25, 0.50 au 0.75, ujue mzee alishapiga boring, na utakwenda saizi inayofuata. Ikiwa ni 1.00, kwa kawaida hakuna saizi nyingine mbele. Tafuta silinda nyingine au itiwe sleeve mpya (mrija wa chuma wa ndani).

Moshi wa samawati hautoki kwenye ringi peke yake. Oili inaweza kuteremka pia kwenye shina la valvu, pale gaidi (mrija unaoshika shina hilo) ikilegea au sili yake ikikauka. Kumbuka ilivyokuwa ikitoa moshi: kama ulikuwa mwingi asubuhi wakati wa kuwasha, au pale unapoachia mafuta kisha ukafungua tena, shuku valvu. Kama ulikuwa unaendelea njia nzima, hasa pikipiki ikibeba mzigo, shuku ringi na silinda. Kwa kuwa hedi iko mkononi mwako, igeuze, tia mafuta ya taa kwenye tundu la kabureta, kisha kwenye tundu la ekzosi, valvu zikiwa zimefungwa na plagi ikiwa mahali pake. Yakivuja haraka kuingia upande wa moto, valvu hazikai vizuri. Kuzisaga kwa dawa ya valvu ni kazi unayoiweza nyumbani kwa subira. Kubadilisha gaidi usijaribu.

Kisha shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili unaozunguka chini). Zungusha krenki mpaka konrodi iwe juu kabisa, uivute juu na kuisukuma chini kwa mkono, wima. Isicheze hata kidogo. Kucheza kwa upande, kulia na kushoto, kidogo ni kawaida, usitishike. Ikiwa wima inagonga, beringi ya chini imekwisha, na hapo kazi ya nyumbani inakoma. Krenki ya CG125 imebanwa kwa presi vipande viwili na pini. Kuitenganisha na kuinyoosha tena kunataka mashine na mtu mzoefu. Ikiwa haigongi, na beringi za krenki zinazunguka kimya bila kukwaruza, usiipasue injini. Acha chini kulivyo, kazi yako iwe ya juu tu.

Ukienda kupiga boring, nunua pistoni kwanza. Mtu wa mashine anapaswa kuipima pistoni utakayoitumia na kuikata silinda iifuate, siyo kukata kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kama hapa Malindi hukumpata unayemwamini, silinda ni kitu chepesi, ifunge kwenye kitambaa chenye oili na upande nayo matatu mpaka Mombasa. Peleka na pistoni ya zamani ukalinganishe dukani: kimo cha pini na upana wake lazima vilingane, kwa sababu pistoni za injini za Kichina zinafanana kwa macho na bado zinatofautiana.

Silinda ikirudi, watu wengi huipangusa kwa petroli wakaifunga. Usifanye hivyo. Baada ya kukatwa, silinda husuguliwa kwa jiwe, na unga wa jiwe hilo unabaki kwenye mistari midogo linayoiacha, na petroli haiutoi. Ioshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, usugue, usuuze, urudie, mpaka kitambaa cheupe ukikipitisha ndani kitoke cheupe. Kisha ikaushe na uipake oili papo hapo. Papo hapo, nasema, kwa sababu uko Mambrui na upepo wa bahari una chumvi. Chuma kilichosuguliwa upya kikiachwa wazi hakichelewi kuota kutu.

Kufunga kunataka mikono safi na haraka kidogo. Ziba mdomo wa injini kwa kitambaa unapotia klipu za pini ya pistoni, maana klipu ikirukia ndani utaipasua injini yote kuitafuta. Klipu ziwe mpya. Alama ya IN kwenye pistoni itazame upande wa kabureta. Ringi zenye herufi, herufi itazame juu, na mianya yao isipangane kwenye mstari mmoja. Kabla ya hapo, pima mwanya wa kila ringi mpya ndani ya silinda iliyokatwa: kati ya 0.15 na 0.35 ni sawa. Ikibana kuliko hivyo, injini ikipata moto ncha zitagongana. Nati za hedi zibane kwa mkingamo, kidogo kidogo kwa zamu, na kama unaweza kuazima spana ya toki, iazime. Nyuzi za aluminiamu zilizokaa kwenye hewa ya chumvi hazisamehi nguvu za mkono. Mwisho seti tapeti (mwanya wa valvu) kwa milimita 0.08, injini ikiwa baridi, alama ya T ya magneti ikiwa mahali pake (pistoni iko juu kabisa) na roka zote mbili zikiwa zimelegea.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Silinda hiyo iliharibiwa na nini? Kwa njia zetu hizi za mchanga, fungua boksi la filta ya hewa kabla hujawaza kitu kingine. CG125 ya zamani inatumia sponji, nayo inatakiwa iwe na oili ili ikamate vumbi. Wengi huifua ikatumika kavu, na wengine huitupa kabisa wakidai pikipiki inapata nguvu. Mchanga unaoingia hapo unakwenda moja kwa moja kwenye silinda na kuisaga. Nunua sponji mpya, iloweshe oili, iminye ibaki na unyevu tu, na uhakikishe mdomo wa boksi umeziba pande zote. Halafu fungua kava la upande wa klachi. Hapo pana chujio la oili linalozunguka na krenki, ambalo hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko, na chini kuna kichungi cha wavu. Hiyo ndiyo filta yote ya oili iliyonayo, haina ya karatasi. Ukikuta tope gumu limeganda ndani, likwangue lote. Ukiacha tope hilo, pistoni mpya itaanza maisha kwa oili chafu.

Kabureta ioshe na jeti zake uzipulize, petroli iliyokaa muda mrefu huganda humo.

Siku ya kuwasha, tia oili mpya, piga kiki mara kadhaa bila plagi ili oili ipande, ndipo urudishe plagi. Ikiwaka usiiache ikinguruma palepale kwa muda mrefu kusubiri "ijizoeze". Ringi hukaa kwa presha ya kazi. Endesha, ongeza mafuta kiasi, achia, ongeza tena, bila kubeba abiria na bila kuikamua. Ondoka asubuhi kabla ya jua kali, nenda mpaka daraja la Sabaki urudi, uiache ipoe kabisa. Oili hiyo ya kwanza imwage mapema, baada ya kilomita mia chache, na uitazame juani kwenye karai: vumbi laini linalong'aa ni la kawaida, lakini chembe unazoweza kuzishika kwa vidole zinakutaka usimame na ufungue tena.