Mtutu hausuguliwi kwa msasa

SWALI: Fundi, namiliki kihalali bunduki ya .30-06 ya kulindia shamba dhidi ya nguruwe pori. Kila nikiitumia nasafisha mtutu kwa dizeli, lakini kitambaa hakiachi kutoka cheusi, na siku hizi risasi hazifuati shabaha. Jirani kanishauri nifunge msasa laini kwenye mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, nisugue mpaka ung'ae. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye, ndugu yangu. Kama umeshaanza, acha leo hii.

Weusi unaokukosesha usingizi ni masizi ya baruti tu. Hata mtutu mzima kabisa hutoa kijivu kidogo kwenye kitambaa, na haudhuriki. Kinachopoteza shabaha mara nyingi ni shaba iliyofunika kichwa cha risasi, ambayo hubanduka na kuganda ndani ya mtutu, na hiyo dizeli haiigusi. Tafuta kwenye duka la silaha lenye leseni dawa ya kuondolea shaba, ile yenye amonia. Pitisha kitambaa kilicholowa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, usizidishe, kisha pitisha kikavu. Kikitoka na rangi ya buluu, shaba inayeyuka. Rudia mpaka buluu iishe. Ncha ya mdeki iwe ya plastiki, maana ya shaba nayo huyeyuka kidogo, ukadhani mtutu bado mchafu ukasugua usiku kucha.

Ingiza mdeki kutoka nyuma, kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ukiuingiza kwa mbele unakwangua ukingo wa mdomo, na mdomo ukilika upande mmoja, moshi unaotoka na risasi huisukuma pembeni.

Sasa huo msasa. Ndani ya mtutu kuna matuta membamba yanayojizungusha kama uzi wa skrubu. Risasi yako ina kipenyo cha milimita 7.82, na kati ya tuta na tuta la upande wa pili pana milimita 7.62. Tofauti hiyo ukiigawa kwa pande mbili, kila tuta lina kimo cha sehemu moja tu ya kumi ya milimita, na ndilo linaloizungusha risasi ikaenda sawa. Msasa hautofautishi uchafu na tuta. Nimeletewa mitutu iliyosuguliwa kwa msasa uliofungwa kwenye drili, mingine imemwagiwa maji ya betri, na wenyewe wamelipia kazi hiyo! Asidi hula chuma na kuacha vishimo, na humo kutu na shaba hujishikiza kila ukipiga. Chuma kilichokwisha kulika hakirudi. Hapo ni kubadilisha mtutu.

Kwa hiyo na nyinyi mnaonunua bunduki zilizotumika, mng'ao usiwadanganye. Muuzaji afungue chemba mbele yenu, mhakikishe ni tupu, atoe komeo, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ndipo mmulike tochi upande mmoja na kutazama kwa upande wa pili. Kingo za matuta zionekane kali tangu chemba hadi mdomoni. Zikiwa zimeviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika, iacheni, hata akipunguza bei.