Zermatt bila skii: ushauri wa mtembea kwa miguu

Sijui kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vya miguuni, na sina mpango wa kujifunza. Zermatt, kule Uswisi, nilienda kutembea tu, tena Januari. Kama nawe una safari ya namna hiyo, anza kufikiria miguu.

Siku ya kwanza nilivaa soksi nzito mbili, moja juu ya nyingine, nikajiona mjanja. Buti zikabana, damu ikapita kwa shida, na nusu saa haijaisha vidole vikafa ganzi kama si vyangu. Soksi moja ya sufu inatosha, mradi vidole vipate pa kuchezea. Nguo za pamba ziache hotelini, maana zikilowa jasho hazikauki upesi, na jasho likipoa mwilini utatetemeka hata ndani ya jaketi nene. Simu nayo ikae mfuko wa ndani. Yangu ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Nikaitoa kupiga picha, ikazima papo hapo.

Toka kabla ya jua, usimame kwenye daraja la Kirchbrücke, karibu na kanisa, uutazame mlima Matterhorn. Kijiji kiko kwenye mita 1,600 hivi, mlima una mita 4,478, kwa hiyo jua hukigusa kilele kwanza. Ncha inaiva wekundu huku wewe uko gizani, vinyweleo vya pua vimeganda. Kisha mwanga unateremka mlimani taratibu.

Magari ya kawaida hayaingii; huachwa Täsch, kijiji cha jirani, watu wakamalizia kwa treni. Usibweteke. Kuna teksi ndogo za umeme, na theluji inameza hata ule mlio wake mdogo. Moja nilishtukia iko mgongoni. Tembea kando, lakini usijibanze ukutani, kwa sababu theluji ya mapaani huporomoka. Penye barafu ni mwendo wa bata: hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Maduka ya saa yatakusubiri. Pitia Hinterdorf kwanza, mtaa wa zamani wa kijiji, kwenye maghala ya kale ya mbao zilizoungua kwa jua mpaka zikawa nyeusi. Yamesimama juu ya miguu ya mbao, na juu ya kila mguu kuna jiwe bapa la duara. Nilidhani ni pambo, kumbe ni kwa ajili ya panya: akipanda anakwama chini ya jiwe, nafaka inasalimika.

Karibu na kanisa kuna makaburi ya wapanda mlima. Julai 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza. Wanne walikufa wakishuka, kamba ilipokatika. Kamba hiyo iko kwenye jumba la makumbusho hapo jirani. Ni nyembamba kuliko nilivyotarajia, nikaiangalia mara mbili.

Ikikaribia saa tatu asubuhi rudi ukanywe kitu cha moto. Wenye skii wanamiminika wakati huo, wamezibeba begani, na mmoja akigeuka ghafla kumwita mwenzake, zitakazopigwa ni kofia na miwani yako.