Mwalimu Anajibu: Mtandao uko mlimani, darasa liko chini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata wilayani Kongwa. Darasa moja lina wanafunzi zaidi ya sabini, vitabu havitoshi, na mtandao unashika ukipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba za walimu. Rafiki yangu aliyesoma Marekani amenitumia orodha ndefu ya tovuti za kufundishia Kiingereza. Nimezifungua mpaka bando likakata, na sijapata cha kuingia nacho darasani. Mkuu wa shule akiniona na simu anasema nachati. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Kongwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo orodha iweke kando kwanza. Tovuti za aina hiyo nazijua, CommonLit na ReadWriteThink zikiwemo, na ni kazi nzuri kwa waliokusudiwa: watoto ambao wengi wao wamekua wakisikia Kiingereza nyumbani. Kule somo hilo ni kama Kiswahili chetu, yaani ufahamu, insha, fasihi, kubishana kuhusu nia ya mwandishi. Mwanafunzi wako amekulia kwenye Kigogo, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anafika kidato cha kwanza anaambiwa baiolojia sasa ni kwa Kiingereza. Ukimpa kifungu cha darasa la nane la Marekani kwa kuwa naye yuko mwaka wa nane wa masomo, umemzamisha. Chukua vya darasa la tatu au la nne, na uruke kila kifungu kitakachokula nusu ya kipindi ukieleza theluji na besiboli.

Halafu acha kuhangaika na mtandao siku za kazi. Siku ukienda Kibaigwa au Dodoma mjini, pakua vitu vya mwezi mzima, uviweke kwenye memori kadi. Maandishi hayana gharama: kitabu kizima cha maandishi matupu kutoka Project Gutenberg, ambako kuna vitabu vya zamani vilivyokwisha hakimiliki, mara nyingi hakifiki megabaiti moja. Sauti inakula zaidi kidogo. LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu hivyohivyo kwa sauti, saa nzima ya faili zao za kawaida ni kama megabaiti 29, kwa hiyo sura ya dakika kumi haifiki tano. Kilichokumalizia bando ni video, nina hakika, na video kwa darasa la watu sabini wanaochungulia kioo cha simu moja ni ugomvi tu.

Sauti ndiyo ningeishikilia. Tafuta spika ndogo, zile za wauza dawa ya panya mnadani, uunganishe na simu yako. Kata kipande cha dakika moja na nusu, si zaidi. Mara ya kwanza wasikilize kalamu zikiwa chini. Mara ya pili waandike maneno wanayoyadaka, hata yakiwa matano. Kisha wakae wanne wanne, wajaribu kukiunda upya kifungu kwa sentensi zao, na hapo utasikia Kiingereza kikisemwa darasani bila kumlazimisha mtu. Mara ya tatu ndipo uandike kifungu chenyewe ubaoni walinganishe. Kipindi kimekwisha, na mtandao haukuhitajika hata sekunde moja. Wasomaji wa LibriVox wana lafudhi za kila aina, na wengine husoma kwa kasi. Sikiliza mwenyewe kabla, na usiyemwelewa wewe usiwapelekee watoto.

Kwa kusoma, nenda African Storybook. Ni hadithi fupi zenye picha, nyingi zimeandikwa Afrika, zinaruhusiwa kuchapwa na kunakiliwa, na nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kidato cha pili watakununia ukiwapa kitabu cha picha, wanajiona wakubwa. Wape basi toleo la Kiswahili, waandike la Kiingereza kwa ajili ya wadogo zao wa shule ya msingi jirani, ndipo uwaonyeshe toleo lililopo. Mabishano yatakayofuata ni somo zuri la sarufi kuliko kurasa kumi za mazoezi.

Na kuna hazina ya hapahapa nyumbani ambayo walimu wengi wanaipita. Tovuti ya NECTA ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo, zikiwa na vipande vya majibu yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe, mazuri na mabovu. Andika jibu bovu moja ubaoni, darasa lilitengeneze. Vitabu vya kiada vyenyewe vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kuhusu mkuu wako: iandike simu kwenye andalio la somo, sehemu ya zana, "sauti, dakika moja na nusu". Kisha mkaribishe akae nyuma ya darasa kipindi hicho. Mzee akishaona mwenyewe, hatasema tena kwamba unachati.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu wa kidato cha tatu anaandikiwa insha za Kiingereza na akili mnemba. Maksi zimepanda. Nimwache?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mama, mpe karatasi na kalamu leo jioni, simu ikae chumbani kwako, aandike ukurasa mmoja juu ya msimu wa zabibu hapa Dodoma. Ulinganishe na insha zake za maksi nyingi. Akishaandika wa kwake, mrudishie simu na mwelekeze aiombe programu imwonyeshe makosa matatu tu na sababu zake, bila kumwandikia upya, ayasahihishe kwa mkono. Mtihani wa kidato cha nne ni karatasi na kalamu, na simu haiingii chumbani.