Macho ya kichanga yanatoa usaha: nimpake tetrasaiklini iliyobaki ndani?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Kibosho, Moshi. Nilijifungulia nyumbani usiku wa mvua, jirani akanisaidia. Mtoto ana siku nne. Tangu jana macho yamevimba na yanatoa usaha wa njano, nikipangusa, unarudi. Mama mkwe anasema nimkamulie maziwa ya titi machoni. Mimi nina tyubu ya tetrasaiklini iliyobaki ya dada yake. Nimpake?

JIBU: Marahaba mama. Usimpake hiyo ukakaa kusubiri. Mbebe mtoto sasa hivi, mpeleke hospitali ya Mawenzi au idara ya macho ya hospitali ya KCMC, hata kama ni usiku. Mengine utayasoma ukiwa kwenye daladala.

Usaha mwingi na kope zilizovimba kati ya siku ya pili na ya tano hutufanya tushuku kwanza kisonono, ambacho mtoto hukipata akipita kwenye njia ya uzazi. Bakteria wengi hawapenyi kioo cha jicho (utando angavu wa mbele) mpaka kiwe na mkwaruzo. Wa kisonono hupenya hata kioo kizima, na anaweza kukitoboa ndani ya saa 24. Kioo kikishatoboka, dawa hairudishi uoni uliopotea. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, huchelewa zaidi, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 14, na inaweza kumletea mtoto nimonia. Mtoto mwenye machozi na tongotongo kidogo, jicho likiwa jeupe, mara nyingi ana mfereji wa machozi ulioziba tu. Wako, kwa ulivyomweleza, sivyo alivyo.

Tetrasaiklini ya asilimia 1 ni kinga. Hupakwa ndani ya kope la chini katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, kwa kila mtoto, hata wa upasuaji. Kinga ya namna hii ni ya zamani: mwaka 1881 Carl Credé wa Leipzig alieleza jinsi tone la nitrati ya fedha lilivyopunguza ugonjwa huu katika wodi yake, kutoka takriban mtoto 1 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 100. Wako aliikosa saa ile, na sasa bakteria wameshaingia. Anahitaji sindano ya seftriaksoni, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, na kuoshwa macho mara kwa mara. Tafadhali usiinunue duka la dawa: kwa kichanga mwenye manjano, sindano hiyo ina hatari yake, kwa hiyo lazima apimwe kwanza.

Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba maziwa ni ya kunyonya. Usaha huu hayautibu, na saa zinapita. Njiani pangusa kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kuanzia upande wa pua kwenda nje, kila jicho pamba yake. Usimfumbue kwa nguvu, maana usaha unaweza kukurukia machoni. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada.

Wewe na mwenzio mtatibiwa pia. Usione aibu, mama. Kwa wanawake wengi kisonono hakina dalili yoyote, ndiyo maana naumia nikisikia mjamzito amemaliza kliniki bila kupimwa magonjwa ya zinaa.

Ukifika mapokezi usikae foleni kimya. Sema kwa sauti: "Kichanga, siku nne, usaha machoni, hakupakwa dawa alipozaliwa."