Jibu: Familia ya Houblon, kutoka melini hadi madarakani

Mkuu, umeuliza mfanyabiashara wa London karne ya 17 alipenyaje kwenye siasa bila kuzaliwa ukoo wa kikabaila. Watazame akina Houblon. Wazee wao walikuwa Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini huko Lille. Wajukuu wakatajirika kwa biashara ya meli na Ureno na Hispania.

Mlango wao ulikuwa mkopo. Vita na Ufaransa ilikuwa imeikausha hazina ya Mfalme William III. Mwaka 1694 wenye fedha walichanga pauni milioni 1.2, wakaikopesha serikali kwa riba ya asilimia 8, na kwa malipo hayo wakapewa hati ya kuanzisha Benki ya Uingereza. Sir John Houblon akawa gavana wa kwanza, na ndugu zake James na Abraham wakaingia bodi ya kwanza. Hapo ndipo mimi naona siri yote ilipo: anayemkopesha mfalme husikilizwa. John alikuwa Meya wa London 1695, James mbunge wa jiji hilo 1698.

Ukiipata noti ya pauni 50 iliyotolewa 1994, igeuze nyuma: utamwona Sir John na nyumba yake ya mtaa wa Threadneedle, kiwanja ambacho Benki imesimama leo.