Muulize Shangazi: Tanganyika ya Tampa na mto Kongo wenye pampu

Shikamoo Shangazi. Mjomba wangu aliyeko Florida ananiambia huko kulikuwa na mchezo wa kuporomoka majini ulioitwa Tanganyika. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, ziwa hilo ndilo lililonilea, sasa sijui nicheke au ninune. Anasema pia kwamba mashabiki wenyewe wa michezo ya bustani za burudani wanaidharau ile ya maji. Ni kweli?
*Msomaji, Kigoma*

Marahaba mwanangu. Cheka tu. Mimi nilicheka mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Tampa, kazi yangu kukunja mashuka hotelini, na siku ya mapumziko baba watoto akanipeleka bustani ya burudani ya Busch Gardens. Ramani yao niliisoma kama ninaota: huku Nairobi, kule Serengeti, mbele yake Stanleyville, na ndani ya Stanleyville mtambo uitwao Tanganyika Tidal Wave, wimbi kubwa la Tanganyika! Ulifunguliwa 1989. Mashua pana iliwazungusha watu taratibu, ikapandishwa juu, kisha ikaachiwa iporomoke futi 55, kama mita 17, na kurusha ukuta wa maji. Mwaka 2016 wakaufunga. Ziwa zima hilo, mgebuka hata mmoja hakuna.

Jirani yake palikuwa na mtambo wa mtumbwi wa gogo, yaani chombo cha umbo la gogo kinachoelea mferejini kisha kinaporomoka: Stanley Falls Flume, wa 1973. Sasa angalia. Wakongo walikwishaubadili mji wa Stanleyville kuwa Kisangani tangu 1966, na hawa miaka saba baadaye wanamzindulia Stanley maporomoko mapya Florida. Nililalamika palepale kwenye foleni, kwa Kiswahili. Waliokuwa mbele yangu wakadhani nasali.

Tuje kwenye dharau. Ipo, na ninaifahamu kwa sababu naipikia chakula: kitinda mimba wangu ni mgonjwa wa rolakosta, vile vigari vya kasi vinavyopanda na kuporomoka juu ya reli. Wenzake Marekani wana chama, American Coaster Enthusiasts, tangu 1978. Watu hawa huhesabu. Kila rolakosta mpya uliyopanda ni moja zaidi kwenye daftari, na mwanangu amefika 214. Mtumbwi wa gogo hauingii daftarini. Kwa hiyo kusimama saa nzima juani kwa kitu kisichohesabiwa, kisha ushinde kutwa na soksi zinazolia chwa, chwa, kwao ni hasara tupu. Hata mitambo chotara wanaigombania. Journey to Atlantis ya SeaWorld kule Orlando, ya 1998, inaelea kama mashua halafu inashika reli kama rolakosta. Ihesabiwe? Mwanangu anasema ndiyo, rafiki yake hataki kusikia. Nimewapikia pilau mara mbili ubishi huo ukiendelea.

Maji wanayoyapenda ni ya kutazama. Palepale Stanleyville kuna rolakosta iitwayo SheiKra, ya 2005, yenye kimo cha futi 200. Ikikaribia mwisho inapita kwenye dimbwi, na nyuma yake maji yanaruka kama mkia wa jogoo. Aliyepanda anatoka salama, anayetota ni mpita njia aliyesimama kupiga picha. Hayo wanayasifu sana.

Mimi nasema kosa lao ni kudhani mchezo wa maji ni kulowa. Kulowa unalowa hata bafuni. Mashua za kuporomoka ni za zamani, Rock Island kule Illinois walikuwa nazo 1884, na Paul Boyton akaweka zake Coney Island 1895, lakini zile zilikuwa panda, shuka, kwisha. Mwaka 1963 kampuni ya Arrow Development ikajenga mtambo wa mtumbwi wa gogo, El Aserradero, katika bustani ya Six Flags Over Texas. Kwa Kihispania ni kiwanda cha kupasulia mbao. Waliiga mifereji ambayo wakata miti walitumia kuteremsha magogo kutoka milimani, na watu wakaupenda mpaka mwaka 1968 ukajengwa wa pili ubavuni mwake. Uzuri wake ni kwamba unasafiri. Unaelea, unapinda kona, huoni mbele, unasikia wenzako wakipiga mayowe mahali fulani na hujui ni wapi, na mkanda unapoanza kukupandisha kwa kelele zake unakumbuka madeni yote. Tanganyika ya Tampa ilikosa hilo. Ilikuwa na poromoko, safari haikuwa nayo. Ilipofungwa, mwanangu alisema "sawa" akaendelea kula.

Sasa ilipokuja kufungwa Splash Mountain, safari ya gogo ya Disney hapa Florida, Januari 2023! Ile ilikuwa ya dakika kama 11, mapango, wanyama wa bandia wakiimba, na poromoko la mita kama 16 likikungoja mwishoni. Ilitokana na filamu ya 1946 iliyolaumiwa kwa namna ilivyowachora watu Weusi, na mimi kwa kubadilishwa kwake sikuwa na neno. Mwaka 2024 paligeuzwa kuwa Tiana's Bayou Adventure, mfereji uleule na poromoko lilelile. Lakini siku zile za mwisho watu walipanga foleni kwa saa kadhaa, na wengine wakatangaza mtandaoni kuuza maji kwenye chupa wakidai wameyachota humo. Katika foleni hiyo alikuwemo mwanangu, yule asiyehesabu maji. Alirudi usiku, nguo mbichi. Sikumwuliza kitu.

Shangazi, salamu kutoka Leicester. Sisi ni watu wa Lubumbashi. Watoto wamegundua kwamba kwenye bustani ya burudani ya Alton Towers kuna sehemu inaitwa Katanga Canyon, na ndani yake mto Kongo, sasa hatulali. Nikae upande gani nisilowe? Mimi huvaa kitenge na kilemba.
*Mama wa wanne, Leicester*

Dada yangu, huo mto Kongo unaendeshwa na pampu, na hauna upande. Congo River Rapids, ya tangu 1986, ni chelezo cha duara, mnakaa mkitazamana, na kinajizungukia kinavyotaka. Anayejisifu kona ya kwanza kwamba amepona ndiye anayepelekwa kinyumenyume chini ya maporomoko kona ya pili. Vyelezo hivyo vilianza Houston mwaka 1980, bustani ya AstroWorld, vikiwa vimetengenezwa na kampuni ya Intamin, na tangu hapo hakuna aliyegundua kiti kikavu.

Kitenge kiache garini. Pamba inakunywa maji, inakuwa nzito, na kwa jua la Uingereza itakauka mkisharudi nyumbani. Vaa kitambaa chepesi kama cha jezi. Kilemba kifunge fundo, usitumie pini. Simu mwachie asiyepanda. Na viatu viwe vya kamba nyuma ya kisigino. Katika bustani moja nisiyoitaja nilipanda na malapa, moja likanitoka, likaelea mbele yangu njia nzima na kufika kituoni kabla yangu. Kijana wa pale akaliokota, akalitazama, akalitupa kwenye pipa. Nilitembea na lapa moja hadi dukani kwao, ambako malapa, bila shaka, yaliuzwa bei ya viatu vya arusi.

Je, maji yakikatika mkiwa katikati? Dar tumezoea kukatikiwa.
*Msomaji, Mbagala*

Umeuliza kwa utani, lakini ndilo swali lenyewe. Maji yote hayo yanasukumwa na pampu kutoka bwawani. Pampu ikizima, mfereji unapungua upesi, na chombo kilichokuwa kinaelea kinakaa juu ya chuma. Tarehe 25 Oktoba 2016, bustani ya Dreamworld ya Australia, pampu ya mtambo wa Thunder River Rapids ilizima. Chelezo kitupu kikakwama kwenye reli karibu na mwisho, mkanda ukaendelea kuzunguka, ukaleta kingine chenye watu sita kikakigonga. Wanne walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hapakuwa na chombo cha kusimamisha mkanda chenyewe pindi maji yanaposhuka, kazi hiyo ilitegemea macho na mikono ya wahudumu. Mtambo ulivunjwa.

Kwa hiyo mimi nikiwa kwenye foleni natazama mstari wa maji ukutani mwa mfereji. Ukishuka chini ya alama yake ya kila siku, najitoa, hata kama nimesubiri saa nzima. Nimejitoa mara moja. Mwanangu aliona aibu.

Shangazi, kwa umri wako bado unapanda?
*Msomaji, Tanga*

Nina miaka 63. Rolakosta nimeacha, shingo imekataa. Gogo napanda, kiti cha nyuma, mjukuu akiwa mbele yangu anikinge. Kuna Timber Mountain Log Ride ya Knott's Berry Farm, California, ipo tangu 1969, na mwanangu ananiahidi kila mwaka kwamba atanipeleka. Amekwishaenda California mara tatu. Anasema alikuwa na rolakosta za kumalizia.